Saratani Haijui Kwamba Umeshatoa Shukrani

Katika kazi niliyoifanya maisha yangu yote, neno ninalolidharau kuliko mengine ni "imeisha." Si tusi, na sijawahi kuona mtu akiandikiwa barua ya onyo kwa kulitamka. Lakini nimeliona likifanya madhara ambayo kisu kilichoshikwa vibaya hakiwezi kuyafanya.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, na baadaye wa kliniki ya marudio, katika hospitali moja ya hapa wilayani Same. Jina lake silitaji, maana makosa nitakayoyaeleza ni yangu na ya watu, si ya jengo. Nawaandikia ninyi mnaoanza, wauguzi na matabibu mnaopangiwa kazi huku, mnaoshuka kwenye basi na sanduku jipya na uso wa huzuni kwa sababu mlitaka Dar es Salaam. Karibuni. Vumbi la tambarare mtalizoea, na baridi ya milimani mtaizoea pia. Nisichotaka mkizoee ni kumtoa mtu uvimbe wa saratani, kumshona vizuri, kumpigapiga begani na kumwambia aende nyumbani, imeisha.

Sisi Wapare tuna sifa ya kupenda kesi, na sifa hiyo hatujasingiziwa. Mpare akipokonywa hatua mbili za mpaka wa shamba atakata rufaa mpaka korti ya juu kabisa, atauza ng'ombe, atachelewesha harusi ya mtoto. Mtu huyohuyo akiambiwa na nesi wa zamu kwamba saratani imetolewa, anaikubali hukumu siku hiyohiyo, haulizi ushahidi, wala hataki kuona karatasi. Nimeshangaa miaka yote.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Daktari wa upasuaji anatoa anachokiona na anachokishika. Saratani ina tabia ya kutuma watu wake mbele kabla hujafika. Chembe chache hupita kwenye mishipa ya damu, au kwenye mishipa ile membamba inayokwenda kwenye tezi, zikatulia kwapani, kwenye kinena, kwenye mapafu, kwenye mfupa. Huzioni kwa macho na huzipati kwa kidole. Zinaweza kukaa kimya miezi, zinaweza kukaa miaka. Pengine hazipo kabisa, na mgonjwa atazeeka na kufa kwa jambo lingine. Siku ya kushona hatujui, na asiyejua kitu hana haki ya kukitangaza.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema saratani ikiguswa na kisu inapata hewa na kusambaa. Hao nao walinichosha. Saratani haingoji hewa. Wengi niliowapokea ikiwa imeshasambaa hawakuwahi kuguswa na kisu cha daktari. Walikuwa wameguswa na majani, mafuta, asali, na sauti ya muuza dawa wa stendi mwenye spika, ambaye dawa yake moja inatibu saratani, kisukari na mkosi wa ndoa. Siku hizi ameacha stendi, yuko kwenye makundi ya simu, anatuma ujumbe wa sauti.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Naomi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mama mfupi wa Suji aliyevaa sweta hata Same, mwezi wa pili, jua likipasua mawe. Alisema alilizoea tangu utoto na haoni sababu ya kulivua kwa ajili ya hali ya hewa ya watu wengine. Yeye ndiye aliyenikataza kusema operesheni imekwisha wakati daktari anavua glovu. Kwake operesheni ilikuwa inaendelea mpaka nyama iliyokatwa imepimwa na karatasi ya majibu imerudi. Hapo ndipo alipofunga daftari lake.

Alinifundisha mambo madogo ambayo ninyi mnayadharau kwa sababu hayamo kwenye mtihani. Chupa ya kuwekea nyama iwe na mdomo mpana. Nyama inaingia ikiwa laini, ikikaa kwenye dawa ya kuhifadhia inakuwa ngumu kama raba, na ukiwa umeisukuma kwenye shingo nyembamba ya chupa, huko maabara wataipata kwa nyundo. Dawa iizidi nyama mara kumi, isiwe ya kulowesha tu. Jina liandikwe kwenye ubavu wa chupa, siyo kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana kama kofia za wanafunzi. Na uandike kushoto au kulia. Niliwahi kuona fomu imeandikwa "ziwa" na basi, kana kwamba Mungu alimpa yule mama moja.

Wakati huo nyama zilisafirishwa na ndugu wa mgonjwa, kwa basi, hadi maabara ya Moshi. Siku moja tulimkabidhi chupa shemeji wa mgonjwa mmoja, mtu mzima, mwalimu wa sekondari, tena wa sayansi. Njiani abiria wakalalamika harufu. Yeye, kwa heshima ya abiria, akashuka gari liliposimama, akamwaga dawa yote, kisha akajaza maji ya kunywa ili nyama isikauke. Alituambia mwenyewe aliporudi, akiwa na fahari kidogo, kama mtu aliyeokoa safari. Nyama ilifika imeoza. Karatasi ilirudi na mstari mmoja kwamba haisomeki. Sista Naomi akamuuliza yule mwalimu kwa upole kama wanafunzi wake huwa wanafaulu.

Msidhani wajinga walikuwa ndugu peke yao.

Alikuja mzee mmoja mfugaji kutoka tambarare za kuelekea Mkomazi, Mzee Koikai. Alikuwa na doa jeusi kwenye kisigino, mahali ambapo kandambili ya tairi inasugua. Lilikuwa dogo, linatoa maji kidogo, haliumi. Daktari alimchoma sindano ya ganzi, akalikata kabla ya chai ya saa nne. Sista Naomi alikuwa likizo, mimi ndiye niliyebaki na kile kipande. Nikakitazama kwenye sahani. Kilikuwa kama punje ya hindi na ngozi kidogo pembeni. Nikajiambia kitu kidogo hivi hakihitaji fomu, chupa wala safari ya Moshi. Nikakitupa kwenye ndoo. Kisha nikamfunga mzee bandeji safi sana, maana kufunga bandeji nilikuwa naweza, nikamwambia, "Mzee, imeisha. Nenda ukachunge."

Alirudi baada ya mvua za masika. Kisigino kilikuwa kimepona vizuri hata mtu angekisifia. Lakini kwenye kinena, mguu uleule, kulikuwa na uvimbe wa kujaza kiganja. Alikaa kwenye benchi, akaweka fimbo katikati ya magoti, akaniuliza kile kilichokatwa nilikiweka wapi. Nikamwambia tulikitupa. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, lakini hakikuwa na mahali pa mtu kujificha.

"Mimi ng'ombe yangu nikikata jipu, naangalia ndani iko nini," alisema. "Halafu naangalia hiyo ng'ombe kila asubuhi, mpaka mvua ingine. Wewe ulikata mtu, ukatupa, ukasema kwenda. Ungekuwa unachunga kwangu, ningekufukuza."

Hakuipandisha sauti. Alifariki kabla ya mvua nyingine. Sisemi angepona. Saratani ya unyayo ya namna ile ni kali, na mara nyingi huwa imeshatuma watu wake kwenye kinena kabla mtu hajaiona. Lakini ningekuwa nimemwambia arudi kila baada ya miezi mitatu, na nikamshika kinena kila akirudi, tungeikuta ikiwa kama punje ya njugu, siyo ya kujaza kiganja. Na angepanga mambo ya ng'ombe wake na wanawe akiwa na nguvu. Hayo nilimnyima kwa sababu ya uvivu wa kujaza fomu. Nawaambia hili ili mjue kwamba dharau ninayoigawa humu na mimi nimejiwekea fungu langu.

Baada ya Mzee Koikai nikaomba nipelekwe kliniki ya marudio, mahali ambapo hakuna aliyetaka kufanya kazi. Wodini kuna shukrani, kuna kuku wanaletwa. Kliniki ya marudio ni watu waliokwisha kushonwa, wanarudi kuonyesha kovu, na nesi anaandika "hana tatizo" mpaka foleni inaisha. Nilikaa kwenye chumba hicho nikajifunza kuuliza.

Ukimuuliza mtu wa hapa "hujambo?" atasema sijambo. Atasema sijambo akiwa amebebwa kwenye machela. Hadanganyi, anaitikia salamu. Sasa ninyi mnaandika sijambo yake kwenye faili kana kwamba ni kipimo. Acheni. Muulize siku hizi analalia ubavu gani, na zamani alilalia upi. Muulize nguo gani ameacha kuvaa. Muulize anapokohoa anashika wapi, na tangu lini. Muulize mgongo unauma akiwa anafanya kazi au hata akiwa amelala, maana maumivu ya jembe hupumzika pamoja na mtu, na ya mfupa ulioingiliwa hayapumziki. Mwangalie mkanda wa suruali umeongezwa matundu mangapi. Kisha nawa mikono, uipashe joto, umshike. Anza kwenye kovu, kwa ncha za vidole vitatu, polepole kama unatafuta jiwe kwenye mchele. Halafu kwapani, halafu juu ya mfupa wa bega pale penye shimo, upande huu na ule. Haichukui muda. Ninyi mnatumia muda mrefu zaidi kutafuta chaja.

Jambo la mwisho la kazi hiyo ni simu. Nilichukua namba tatu kwa kila mgonjwa: yake, ya nyumbani kwake, na ya mwenye duka la karibu, kwa sababu mwenye duka simu yake haizimwi na anajua kila mtu alipo. Namba hiyo ya tatu ndiyo iliyonipeleka Mhezi, kijiji cha huko milimani.

Nakijwa, au Mama Neema, alikuwa mkulima wa maharage na viazi huko Mhezi, na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika wao. Alikatwa ziwa la kushoto. Alipoamka na kuweza kuzungumza, nilikaa pembeni ya kitanda. Mumewe, Baba Neema, alikuwa ametoka kununua soda. Nilimwambia mama yale niliyojifundisha kusema: tumetoa kila tulichokiona, tusichokiona kinasubiri karatasi, na karatasi ikirudi tutakuita. Alitikisa kichwa, akafumba macho. Nikaandika kwenye faili kwamba ameelezwa.

Karatasi ilirudi baada ya wiki kadhaa. Ilisema tezi za kwapa zilizotolewa pamoja na ziwa zilikuwa zimeshaingiliwa. Maana yake ni kwamba kisu peke yake hakitoshi, inatakiwa dawa ya kuzunguka mwili mzima, na inatakiwa mapema. Nikampigia Mama Neema, simu imezimwa. Nikampigia mumewe. Alinisalimia vizuri, akaniombea baraka mimi na nyumba yangu, kisha akasema, "Lakini dokta, Mama Neema ameshatoa shukrani."

Alisema kama mtu anayekujulisha kwamba mgonjwa amehama nchi. Huku kila mwanamume mwenye koti jeupe ni dokta, hilo sikulisahihisha. Na kwa ninyi mliotoka mbali, nieleze hiyo shukrani. Mtu akiponea chupuchupu, huku milimani familia inafanya ibada ya shukrani kanisani. Wanashona kitenge cha aina moja, wanakwenda mbele pamoja, mchungaji anaomba, kwaya inaimba. Baada ya ibada, sadaka za shambani zinanadiwa nje: ndizi, maboga, viazi, jogoo. Aliyemnunua jogoo anamrudisha, ananadiwa tena. Ni desturi nzuri, na mimi mwenyewe nimewahi kumnunua jogoo mmoja mara mbili asubuhi moja, kwa kicheko tu. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na watu wanaoigeuza kuwa cheti cha daktari.

Wa Mhezi hawakusubiri kidonda kikauke. Mzee wa kanisa, Mzee Zefania, ambaye pia ndiye mnadi, na sauti yake haihitaji kipaza, alisimama mbele akautangazia usharika kwamba dada yetu hana tena saratani. Baada ya hapo kumrudisha hospitali ilikuwa ni kumfanya Mungu aonekane amefanya kazi nusu, na Mzee Zefania aonekane amesema uongo. Sijui kati ya hayo mawili ni lipi lililomsumbua zaidi, ingawa nina mawazo yangu.

Nilipiga tena, Baba Neema akasema watafikiria. Nikapiga mara ya tatu, hapatikani. Nikampigia mwenye duka. Akaniambia Mama Neema yupo, mzima kabisa, jana alipita na majani ya ng'ombe kichwani. Nikamuuliza alikuwa ameushika mzigo kwa mkono upi. Alifikiri, akasema kwa wa kulia, na yule mwingine alikuwa ameubana hivi ubavuni. Siku yangu ya mapumziko nikachukua pikipiki Makanya, nikapanda kwa njia ya Suji, mawe na utelezi, dereva akiniambia nishuke kila penye kona mbaya, na kona mbaya zilikuwa nyingi kuliko nzuri.

Habari zangu zilikuwa zimefika kabla yangu. Nilimkuta Mzee Zefania amekaa sebuleni, amevaa koti, kama wakili. Baba Neema akanikaribisha kwa makande na maziwa, nikala, maana kukataa makande ya Mhezi ni kuanza vita kabla ya maneno. Kisha wakanieleza. Kanisa zima lilikuwa limesimama kwa ajili ya mama huyu. Watu walikuja mpaka kutoka Chome. Sasa akionekana anashuka hospitali kila mwezi, watu wataambiwa walimshukuru Mungu kwa kitu gani? Na wale wa Chome watasema nini?

Mtu amebeba ugonjwa kwapani, na wazee wawili wenye akili timamu wanajadili Chome itasema nini. Nilimwambia Mzee Zefania kwamba alitangaza matokeo ya mtihani ambao ulikuwa haujasahihishwa. Akasema Mungu hasahihishi kwa karatasi za Moshi. Nikamwambia ziwa lilikatwa kwa kisu cha hospitali, Mungu akiwepo, na hakukasirika.

Mama Neema akaingia kutoka jikoni na sufuria ya chai. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Nikamuuliza hali. Akasema sijambo kabisa, dokta. Nikamuuliza siku hizi nguo anaanika kwa mkono upi. Baba Neema akacheka, akajibu kwa niaba yake kwamba kwa mikono yote miwili, kama zamani. Mama Neema akaweka sufuria chini.

"Neema ndiye anayeanika," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe ulikuwa dukani dokta aliponiambia. Mzee hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Alisema wametoa walichokiona. Nilikuwa nimelala, sikuwa kiziwi."

Akapitisha mkono wa kulia chini ya khanga, akaugusisha kwapa la kushoto.

"Kuna kitu hapa, kama punje ya haragwe. Wiki ya tatu sasa. Nimekuwa nasubiri kikue, ili niwe na sababu ya kuwaaibisha."

Nimekaa na wagonjwa wengi, na sijasikia sentensi iliyonikasirisha kama hiyo. Si mama niliyemkasirikia. Alikuwa akihesabu ukubwa wa uvimbe wake kwa kipimo cha heshima ya Mzee Zefania. Baba Neema alitazama meza. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kuliko kupanda gari.

Mzee Zefania, ambaye mnadani hajawahi kukosa neno, alikohoa, akaleta pendekezo. Mama aende Moshi kwenye hizo dawa, sawa, hakuna anayemkataza, lakini aende kimyakimya. Usharika utaambiwa amekwenda kumtembelea dada yake.

"Dada yangu wa Moshi alikufa," Mama Neema alisema. "Wewe ndiye uliyesoma wasifu wake makaburini."

Nilishuka na pikipiki ileile nikiwa sijui kama atakuja. Jumapili iliyofuata mwenye duka alinipigia, na kwa kuwa duka lake linatazamana na kanisa, naye ni wa kwaya hiyohiyo, namwamini. Wakati wa matangazo, baada ya katibu kusoma ratiba ya vitongoji, Mama Neema alitoka kwenye safu ya sauti ya pili, akasimama mbele bila kuitwa. Alisema ile shukrani aliyoitoa ilikuwa ya kukatwa, nayo haijutii, maana kukatwa kulikwenda vizuri. Ya kupona hajaitoa. Wakimwona anashuka Same wamwombee, na wasimuulize kulikoni. Akarudi kwenye nafasi yake, wakaimba wimbo uliokuwa umepangwa.

Jumanne akawa kwenye benchi langu, na Baba Neema kando yake ameshika karatasi zote. Mzee Zefania, nasikia, aliwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyemshauri.

Alipelekwa hospitali kubwa, akawekewa dawa za kwenye mishipa, mzunguko baada ya mzunguko. Nywele zikaondoka, kucha zikawa nyeusi, chakula kikawa na ladha ya chuma. Akarudi kwangu kila miezi mitatu. Mwaka wa pili akaja kabla ya tarehe yake. Alikuwa amekuta kipele kwenye kovu, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, hakiumi, hakiwashi. Tabibu wa siku hiyo alitaka kumpa mafuta ya kupaka. Nikaomba kikatwe, kiwekwe kwenye chupa ya mdomo mpana. Karatasi iliporudi ilisema ni ileile. Ilikuwa imerudi.

Naandika hivyo waziwazi kwa sababu nawajua. Mnapenda hadithi ambayo mgonjwa akifuata masharti basi ugonjwa unaona haya na kuondoka. Mama Neema alifuata kila sharti na ikarudi. Alichokipata kwa kurudi kliniki ni kwamba yeye aliiona kabla haijamwona, ikiwa bado ni kitu cha kutolewa kwa ganzi. Ikakatwa tena, akaongezewa dawa, akaendelea kulima. Tena akaanza upya kuja kila miezi mitatu, kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa, bila kulalamika, au akilalamika barabara tu.

Mimi nikastaafu. Yeye aliendelea, ikawa kila miezi sita. Akishuka hupitia kwangu kunywa chai kabla ya kupanda gari la kurudi. Mwezi uliopita alipita amechelewa, amekasirika, na akanieleza kwa nini.

Kulikuwa na tabibu mpya kliniki. Kijana safi, mkarimu, amemwita mama tangu mlangoni. Alifungua faili, akaona ni la miaka mingi, akamuuliza mama yuko salama? Akasema salama. Kijana akafurahi. Akamwambia, "Mama, uko fiti kabisa. Usijisumbue tena na barabara ya huko, labda ukiumwa." Akafunga faili na kumrudishia kadi. Mahali pa tarehe ya kurudi palikuwa patupu.

Kijana huyo ni mmoja wenu. Sitamtaja, naye akisoma atajijua.

Mama Neema akamwambia, mwanangu, andika tarehe. Kijana akasema hakuna haja. Mama akasema yeye ana haja. Kijana akamwonyesha mlango, watu ni wengi kwenye foleni. Mama akamwambia awaambie wakae, yeye ameshakaa. Kijana akacheka, akamuuliza kama bado anaogopa ugonjwa baada ya miaka yote hiyo.

"Nikamwambia siogopi," Mama Neema alinieleza, huku akipuliza chai. "Nikamwambia naangalia. Na wewe hujaniangalia."

Kisha akafungua vifungo vya blauzi yake mwenyewe, akauchukua mkono wa yule kijana, akauweka kwapani. Akamwambia aanze hapo, kwa ncha za vidole, asiwe na haraka. Alipoyumba akamwelekeza kwenye kovu, tena kwenye shimo la juu ya bega, upande huu na ule. Foleni ilisubiri. Kijana alitoka jasho, lakini alimaliza.

Hakukuta kitu. Akaandika miezi sita.